Meli ikigonga daraja, tusimuulize kapiteni peke yake

Hapa Simi-Simi habari ya ajali ya majini haikawii. Inafika kwa simu kabla redio haijaitangaza, na inafika ikiwa na hukumu tayari. Hukumu zenyewe ni tatu: kapiteni alikuwa amekunywa, mashua ilijazwa kupita kiasi, au Mungu amependa. Katika kazi yangu ya uandishi wa redio mjini Kisangani nimezirekodi hukumu hizo mara nyingi, kutoka midomo ya wasafiri, ya wakubwa na ya wafiwa. Pengine moja ni ya kweli. Lakini ikishatamkwa, hakuna anayeuliza zaidi, na mashua nyingine inapakia jioni ileile.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie ajali ya mbali sana na Tshopo. Ni ile ya Baltimore, Marekani, ambako meli ya mizigo iligonga daraja kubwa na sehemu yake ya katikati ikaanguka mtoni. Wengi wetu tuliona video yake kwenye simu. Tukashangaa, tukasema hata kwa wazungu mambo haya yapo, kisha tukaendelea na maisha. Mimi niliendelea kufuatilia uchunguzi wake, na ulipomalizika mwezi Novemba 2025 niliona kwamba una jambo la kutufundisha sisi watu wa mto.

Dakika nne za giza

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 26 Machi 2024. Meli iliyoitwa Dali ilitoka bandari ya Baltimore ikielekea Sri Lanka. Ina urefu wa karibu mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa mstari mmoja. Ilipeperusha bendera ya Singapore, na ilibeba makontena zaidi ya 4,000. Ndani yake walikuwemo marubani wa bandari, watu wanaolijua lile jia la maji, kama vile huku kwetu mashua kubwa inavyochukua mtu anayejua michanga iko wapi.

Saa saba na dakika 25 usiku, taa zote za meli zilizimika. Meli ya namna hiyo bila umeme ni kama gogo kubwa linalochukuliwa na maji. Injini kubwa ilisimama na usukani ukakosa nguvu. Wanamaji walirudisha umeme, ukakatika tena. Waliangusha nanga, lakini meli nzito namna ile haisimamishwi kwa umbali mfupi. Rubani alipiga mwito wa hatari, na polisi waliokuwa kwenye ncha mbili za daraja wakafunga njia, magari yasiingie. Kitendo hicho kiliokoa watu wengi.

Kama dakika nne tu baada ya giza la kwanza, Dali iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 na nusu likapoteza sehemu yake ya katikati kwa sekunde chache.

Juu ya daraja walikuwepo watu wanane waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara usiku. Sita walikufa. Walikuwa wahamiaji, wazaliwa wa Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador, watu waliokwenda kutafuta maisha. Magari yalizuiliwa kwa wakati, lakini wafanyakazi hao onyo halikuwafikia mapema. Wachunguzi waliliandika jambo hilo pia: hapakuwa na njia ya haraka ya kuwaambia waondoke. Naomba tulikumbuke, kwa sababu katika kila ajali kuna watu ambao hakuna aliyepanga namna ya kuwaonya.

Waya mmoja

Sasa, nani alaumiwe? Siku ya kwanza majibu yalikuwa mengi. Wengine walisema kapiteni, wengine wakasema mafuta machafu, wengine wakadai ni hujuma. Lakini bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, inayojulikana kwa kifupi kama NTSB, haikujibu siku ya kwanza. Ilifanya kazi miezi ishirini.

Tarehe 18 Novemba 2025 ilitoa jibu lake mbele ya watu wote. Ndani ya kabati la umeme la meli kulikuwa na waya mmoja ambao haukuingia vizuri kwenye kishikio chake. Kwa nini haukuingia? Kwa sababu kile kibandiko kidogo chenye jina la waya kiliwekwa karibu mno na ncha, kikazuia waya usizame hadi mwisho. Ukakaa umelegea. Usiku ule ukaachia, na meli nzima ikazimika. Dali ina maelfu ya nyaya. Mwenyekiti wa bodi, mama Jennifer Homendy, alilinganisha kuutafuta waya huo na kutafuta msumari mmoja uliolegea kwenye mnara wa Eiffel wa Paris.

Sisi tunaoishi na grupu, yaani jenereta, kila siku tunaelewa habari hii haraka. Ni mara ngapi fundi amefungua, akahangaika saa nzima, mwisho akasema ni waya tu umelegea? Tofauti ni kwamba grupu ya redio ikizimika, wasikilizaji wanakosa habari za jioni. Ya meli ikizimika mbele ya daraja, watu wanakufa.

Wachunguzi hawakuishia kwenye waya. Waliuliza: umeme uliporudi, kwa nini ulikatika mara ya pili? Wakakuta kwamba mafuta ya jenereta yalikuwa yanapelekwa na pampu ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo, pampu ya kusafishia. Pampu hiyo haijiwashi yenyewe umeme ukirudi. Kwa hiyo jenereta zilikosa mafuta na giza likarudi. Hapo tayari swali si la kibandiko tena. Ni la watu walioizoea njia ya mkato mpaka wakaiona ya kawaida, na la wakubwa wa kampuni inayosimamia meli, ambao hawakuiona au hawakuizuia.

Wakauliza pia kuhusu siku ya nyuma yake. Wakakuta kwamba meli hiyohiyo, ikiwa bado imefungwa bandarini, ilikuwa imezimika mara mbili. Ile ilikuwa na sababu nyingine. Hata hivyo ilizimika mara mbili, na siku ya pili ikaondoka.

Na daraja lenyewe?

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niketi kuandika. Mtu angesema kazi imekwisha: meli ilizimika, meli ikagonga, mwenye meli alipe. Wachunguzi waligeuka wakaliangalia daraja na kuuliza: mbona liliweza kuanguka kwa pigo moja?

Daraja hilo lilifunguliwa mwezi Machi 1977. Mwaka 1980 meli ya Japani iliyoitwa Blue Nagoya ilipoteza uwezo wa kujiongoza na kugonga nguzo yake. Madhara yalikuwa madogo, kwa sababu meli yenyewe ilikuwa ndogo. Watu wakashukuru, wakarekebisha, wakasahau. Dali ni kubwa mara kumi kuliko Blue Nagoya. Meli za dunia zilikua mwaka kwa mwaka, lakini nguzo zilibaki vilevile.

Mwaka huohuo wa 1980, tarehe 9 Mei, huko Tampa Bay katika jimbo la Florida, meli Summit Venture iliingia ndani ya dhoruba, isione mbele, ikagonga daraja la Sunshine Skyway. Watu 35 walikufa, wengi wao ndani ya basi lililotumbukia majini. Baada ya msiba ule, mwaka 1991 wahandisi wa Marekani walitoa mwongozo wa kupima ni kwa kiasi gani daraja liko katika hatari ya kugongwa na meli. Madaraja mapya yalilazimishwa kuufuata. Kwa yale ya zamani ulibaki ni ushauri tu.

Wenye daraja la Baltimore hawakufanya kipimo hicho. NTSB iliwafanyia baada ya ajali, na ikakuta kwamba hatari ilikuwa karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika. Ikatoa pia orodha ya madaraja 68 katika majimbo 19 ambayo hayajapimwa, ikawaambia wenyewe: pimeni. Ukisoma orodha ile unaelewa kwamba Baltimore ndipo tu bahati ilipokatikia.

Kwa hiyo sababu zilikuwa zimepangana kama vyungu juu ya figa. Kuna aliyefunga waya vibaya miaka mingi nyuma, na kuna kaguzi zilizopita bila kuuona. Ile pampu ilikuwa ya njia ya mkato. Nguzo ilikuwa imesimama wazi, bila kinga ya kutosha, na mwongozo wa 1991 haukufuatwa. Wafanyakazi sita hawakuwa na wa kuwaonya kwa wakati. Toa moja tu kati ya hizo, na pengine watu wale wangerudi nyumbani asubuhi.

Kutafuta sababu, kutafuta mlipaji, kutafuta mhalifu

Nimejifunza pia kwamba wenzetu wametenganisha kazi tatu ambazo sisi tunazichanganya.

Ya kwanza ni kutafuta sababu. Hiyo ndiyo kazi ya NTSB. Haifungi mtu wala haitozi faini. Inaruhusiwa kuuliza fundi mdogo kabisa, na fundi anaweza kusema ukweli, kwa sababu anayemuuliza hakubeba pingu.

Ya pili ni kutafuta mlipaji. Hiyo ilikwenda mahakamani. Mwenye meli na msimamizi wake waliomba dhamana yao isivuke dola milioni 43 na kitu, kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1851, iliyotungwa zamani za matanga. Serikali ya Marekani ilidai gharama za kusafisha mto na kufungua bandari. Mwezi Oktoba 2024 walikubali kuilipa karibu dola milioni 102. Jimbo la Maryland na familia za marehemu nao walifungua madai yao. Na daraja jipya? Mwanzoni lilikadiriwa chini ya dola bilioni 2. Mwishoni mwa 2025 makadirio yalivuka bilioni 4. Sehemu kubwa italipwa na raia walipa kodi. Kwa hiyo hata huko, tusidanganyane, mwenye kuvunja si yeye anayelipa chote.

Ya tatu ni kutafuta mhalifu. Wapelelezi wa FBI walipanda ndani ya meli mwezi Aprili 2024. Hiyo ni kazi yao, na ina mlango wake.

Sisi je? Kwetu kazi zote tatu zinafanywa asubuhi moja, kando ya maji, na mtu mmoja. Anauliza sababu, anataja gharama, anamfunga kapiteni, yote kabla ya saa sita. Ikifika saa sita, kapiteni yuko ndani, na sababu haitafutwi tena.

Barji iliyorudi

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye bichi moja ya upande wetu huu, barji iliyokuwa ikisukumwa ilikuja kutia nanga magiza yakiingia. Maji yalikuwa mengi, mkondo ukaibeba, ikabana mitumbwi iliyofungwa kando. Mtumbwi mmoja ulivunjika katikati, mingine miwili ikazama. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Mama mmoja aliyetoka kijijini alipoteza magunia yake yote ya mihogo mikavu, na mtumbwi uliovunjika ulikuwa wa mdogo wake.

Kapiteni alikamatwa usiku uleule. Kesho yake aliachiliwa, baada ya kulipa. Nilikwenda kwenye ofisi iliyohusika kuuliza ripoti. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti. Mkubwa akaniambia:

— Ndugu mwandishi, ripoti ya nini tena? Kapiteni amekwisha kulipa.

Nilimuuliza kama ile mashua ilikuwa na taa za kutosha, kama injini zake mbili zilikuwa zinafanya kazi zote, na nani aliipa ruhusa ya kusafiri. Alinitazama kama mtu anayeulizwa bei ya mvua. Sikuandikiwa kitu.

Yule mama sikumkuta ofisini. Nilimkuta kwenye bichi, ameketi juu ya gunia moja lililookolewa, mihogo imeloa. Hakuniuliza kuhusu kapiteni. Aliniuliza:

— Mwandishi, hii barji inarudi lini tena?

Nilifikiri anataka kumngojea mwenyewe alipwe. Kumbe hapana. Alitaka kujua siku, ili siku hiyo mdogo wake asifunge mtumbwi pale. Mama yule, bila kusoma ripoti yoyote, ndiye aliyeuliza swali la mchunguzi: kitu gani kifanyike ili lisitokee tena? Barji ilirudi baada ya wiki chache, ileile, na taa moja mbele.

Mwanamke aliyekuwa anapika

Tarehe 15 Aprili 2025, mashua ya mbao HB Kongolo iliungua moto mtoni, karibu na Mbandaka, ikapinduka. Ilitoka bandari ya Matankumu ikielekea upande wa Bolomba. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Habari iliyozunguka dunia nzima ilikuwa na sababu moja: kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anapika ndani. Mkubwa mmoja wa komiseria ya mto ndiye aliyesema hivyo, na sisi waandishi tukarudia.

Mimi simkatalii. Huenda moto ulianzia kwenye mbabula ya mama yule. Lakini tujiulize kama wale wa Baltimore. Kwenye safari ya mto, ambapo watu wanaketi siku na usiku kadhaa pamoja na watoto, wanakula wapi kama si palepale? Nani aliyepanga mahali pa kupikia, mbali na mapipa ya mazuti na petroli? Kama hakuna, basi kila mama aliyepanda amelazimishwa kupika karibu na moto wa kifo. Ndani ya mashua mlikuwa na ndoo za mchanga, na majaketi ya kuelea kwa kila mtu? Majina ya abiria yaliandikwa wapi? Nani aliyeitazama mashua ile asubuhi na kusema ondokeni?

Mwanamke aliyekuwa anapika ni kama ule waya uliolegea. Ndipo uchunguzi unapoanzia. Sisi tuliufanya mwisho wake. Miezi mitano baadaye, Septemba 2025, jimbo lilelile la Equateur lilipata ajali mbili za mashua ndani ya siku mbili, Basankusu na Lukolela, na karibu watu 200 walipotea. Ile ya Lukolela ilikuwa moto tena.

Meli Dali ilikuwa na chombo kinachorekodi sauti na mwendo, ndiyo maana tunazijua dakika zake moja moja. Mashua zetu za mbao hazina chombo hicho, na sidai leo kiwekwe. Lakini daftari la majina, kalamu, na karatasi yenye sahihi ya aliyeruhusu safari havihitaji teknolojia ya Singapore.

Ng'ambo ya Lubunga

Msomaji atasema: mwandishi, wewe unatuhubiria madaraja, na sisi juu ya mto mkubwa hapa Kisangani hatuna hata moja. Kweli. Daraja tunalo la mto Tshopo. Kwenda Lubunga ni mtumbwi au bac, siku zote. Mwanamke wa Lubunga akishikwa na uchungu usiku, mto ndio unaoamua.

Lakini tunaliota daraja, na ndoto hiyo inazungumzwa kila uchaguzi. Huko chini, serikali zetu mbili za Kongo zimekubaliana juu ya daraja la barabara na reli kati ya Kinshasa na Brazzaville, upande wa Maluku, lenye urefu wa mita 1,575, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Siku moja litajengwa. Na mto huu, kutoka Kisangani hadi Kinshasa, ni kilomita 1,734 za barji zilizofungwa pamoja, magogo yanayoelea, mashua za mbao zinazotembea usiku, na michanga inayohama kila mwaka. Daraja lolote litakalosimama katikati ya maji hayo litakutana na vitu hivyo vyote.

Kuna mji mmoja ambao kila mtu wa Lubunga angeuelewa. Ni Hobart, huko Australia, mji uliogawanywa na mto Derwent. Tarehe 5 Januari 1975, jioni, meli Lake Illawarra iliyobeba madini ya zinki iligonga nguzo za daraja la Tasman. Sehemu ya barabara iliangukia meli, ikazama. Walikufa wanamaji saba na watu watano waliokuwa ndani ya magari. Baada ya hapo, wakaaji wa ng'ambo ya mashariki waliamka wakijikuta bila daraja, na hospitali kubwa, maofisi na shule nyingi ziko upande wa pili. Walipanga foleni za kivuko kwa zaidi ya miaka miwili, hadi daraja lilipofunguliwa tena Oktoba 1977. Kwa miaka hiyo miwili waliishi maisha ambayo Lubunga inaishi tangu zamani.

Kapiteni wa Lake Illawarra alinyimwa cheti chake miezi sita. Kama Hobart wangeishia hapo, wangekuwa wamefanya kama sisi. Lakini walibadilisha pia utaratibu: hadi leo, meli kubwa ikipita chini ya daraja la Tasman, magari yanasimamishwa kwanza, hakuna mtu juu ya daraja. Hicho ni kitu chepesi. Taa nyekundu, dakika chache za kungoja. Kama utaratibu huo ungekuwepo Baltimore, wale wafanyakazi sita wangekuwa kandoni wakinywa kahawa.

Tuombe nini

Hapa nasema kama mwandishi na kama mkaaji wa kando ya mto.

Kwanza, kila ajali ya mto iwe na ripoti iliyoandikwa, na ripoti hiyo isomwe kwa redio, kwa Kiswahili na kwa Lingala, ili hata mama aliyepoteza mihogo aisikie. Ripoti inayofungiwa ndani ya kabati haimfundishi mtu.

Pili, uchunguzi usisimame kwa kapiteni. Upande juu: kwa mwenye mashua, kwa aliyesaini ruhusa ya kuondoka, kwa wenye jukumu la kuweka alama za njia ya maji, ambao kwetu ni Régie des Voies Fluviales, na kwa wizara inayowapa au kuwanyima pesa ya kufanya kazi hiyo. Ofisi ya mto ikiwa na wakaguzi wawili na haina hata mtumbwi wa injini, kumlaumu mkaguzi peke yake ni kurudia kosa la kumlaumu kapiteni peke yake.

Tatu, tuandike pia zile ajali zilizokaribia. Blue Nagoya ilikuwa barua iliyotumwa mwaka 1980, ikafunguliwa 2024. Barji iliyovunja mitumbwi bila kuua ni barua ya namna hiyo. Wavuvi na wenye mitumbwi wanazijua zote. Hakuna anayewauliza.

Nne, daraja lolote tutakaloahidiwa, liwe la Kinshasa au la Lubunga, tuulize tangu siku ya kwanza: nguzo zake zitakingwa na nini, na kinga hiyo iko ndani ya bei au itaongezwa baadaye? Kinga ya nguzo haina utepe wa kukata, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa pesa zikipungua.

Najua kuna watakaosema kwamba kutafuta sababu nyingi ni njia ya kumficha mkosaji. Jambo hilo lipo, na wakubwa wanalipenda: kosa likiwa la wote, si la mtu. Lakini Baltimore inaonyesha kinyume. Uchunguzi ulipopanda juu, majina yaliongezeka, hayakupungua: mwenye meli, msimamizi wa meli, wenye daraja. Kapiteni peke yake ndiye kivuli kizuri cha kuwafichia wote hao. Anaonekana, yuko karibu, na hana wa kumtetea.

Kwa hiyo nikiletewa kesho habari ya mashua iliyogonga, nitaandika jina la kapiteni kama kawaida. Kisha nitauliza mashua ni ya nani, nani aliiruhusu, ilizimika mara ngapi kabla ya hapo, na nani alijua. Nitawaomba ninyi wasomaji na wasikilizaji mniulize mimi pia, kama nikimaliza habari bila kuyataja hayo. Na swali la yule mama tuliweke la mwisho kila mara, mbele ya mkubwa yeyote atakayeshika mikrofoni: hii barji inarudi lini, na ikirudi, kitakuwa kimebadilika nini?